Kisanduku cha Nne

Fomu ina kurasa sita, shilingi mia kwa ukurasa,
nami sihesabu tena, mkono unajua.
Mashine yangu ina mafua: ikifika karatasi ya ishirini
hupiga chafya, hukunja pembe, hutaka kupulizwa.
Nipo hapa Kiboriloni mwaka wa kumi na moja,
kati ya duka la mbolea na kinyozi.
Waombaji wa ufadhili nawajua kwa viatu:
vimepigwa kiwi mbele tu, mahali panapoonekana.

Elinaike alikuja siku ya soko,
ndizi mshale zimepangwa hadi mlangoni kwangu.
Mwaka wa pili, chuo cha ufundi, fani ya mabomba.
Wa chuo kikuu wana bodi yao, na foleni yao ndefu.
Yeye ana tangazo lililobandikwa kwa uji wa unga
karibu na choo cha wasichana:
nafasi nane. Waombaji wangapi, hawakuandika.

Fomu inataka
picha mbili za pasipoti, nyuma buluu,
barua ya mwenyekiti wa mtaa, barua ya mtendaji,
nakala ya cheti cha kuzaliwa,
na nakala ya nakala, yenye muhuri wa wakili.
Wakili elfu tano. Picha elfu mbili.
Mtendaji naye kwanza aone risiti ya mchango wa madarasa,
ambao mama yake hajamaliza kulipa,
ndiyo maana mtoto anaomba.
Nikamwambia, kumbe ufukara nao una kiingilio.
Hakucheka. Alikuwa anajumlisha pembeni mwa gazeti langu.

Ukurasa wa tatu, kalamu ikagoma.
BABA: weka alama ya vema katika kisanduku kimoja.
Yu hai. Amefariki. Hajiwezi.
Akasoma tena, kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni.
Babake alipanda gari kwenda Mirerani
yeye akiwa darasa la tatu;
aliondoka na sururu, akaacha ahadi ya baiskeli.
Mwaka wa kwanza alituma salamu. Wa pili akatuma mtu.
Wa tatu, hata huyo mtu hakuonekana.

Jamaa mmoja aliyeleta hati za kiwanja akamshauri:
"Weka amefariki. Yatima hupewa kwanza.
Nani atafukua?"
Na kweli, nani?
Hata mimi ulimi uliniwasha. Nimeshatoa nakala za vyeti vya vifo
vya watu ninaopishana nao wakinunua nyanya.

Elinaike akafungua mkoba, akatoa rula ya chuma,
ile ya darasa la michoro,
na penseli iliyochongwa kwa wembe.
Chini ya vile vitatu akachora cha nne,
pembe sawasawa, mistari sawasawa,
kana kwamba kilisahauliwa tu kiwandani.
Kando yake akaandika: Hatujui.
Akaweka vema.

"Watakukata," jamaa akasema.
"Bomba ukificha panapovuja," akajibu,
"maji hayakomi. Yanahamia ukuta wa jirani."

Nilitaka kumsamehe zile mia sita. Akakataa;
akaacha mia tatu, na deni la mia tatu
akalijaza daftarini mwenyewe, kwa mwandiko wa ramani.

Hiyo ilikuwa kabla ya vuli. Majibu
wanasema bado, wanasema kamati haijakaa,
wanasema mwenye funguo za kabati yuko safarini.
Mlima umejifunika tangu Jumapili; labda nao una kamati.

Lakini siku ile, kabla hajaondoka,
niliupitisha ukurasa wake wa tatu kwenye mashine.
Nikafuta jina kwa wino mweupe, nikafuta na vema,
nikaacha kisanduku na lile neno.
Sasa anayekuja kutaka fomu
namtolea hiyo.
Wiki iliyopita walichukua kumi na wanne.
Hakuna aliyeuliza cha nne kimetoka wapi.
Watano walikijaza hapahapa, wamesimama,
karatasi juu ya magunia ya mbolea ya jirani.