Karani Asiye na Barua ya Ajira

Saa mbili kasoro, Magomeni Mapipa.
Shata nimeinua nusu, foleni imeshainama kuingia:
viapo vya kupotelewa, viapo vya kuzaliwa,
kijana na wasifu wake kwenye flashi iliyofungwa uzi.
Mahakama inafungua saa tatu
na kompyuta yangu inahema kama mwenye pumu.

Naandika "Mimi".
M inakuja.
I inakuja baadaye, kama imetumwa dukani ikakutana na shoga yake.
"Dada, mashine imelala?"
Ingekuwa imelala ningeiamsha.

Fundi Mwakipesile amekuja na bisibisi ambayo hakuitumia.
Kafungua orodha ya kazi, kacheka puani.
"Una mfanyakazi humu ndani, humjui."
Karani, anasema. Anafungua kila faili, anasoma neno kwa neno,
anajaza daftari lake: "kiwanja" liko hapa, "marehemu" liko pale,
ili siku ukiuliza akujibu kabla hujafumba mdomo.
"Sijawahi kumuuliza kitu."
"Ndiyo maana nasema humjui."

Miaka tisa ya watu imo humu.
Ratiba za mazishi. Kadi za mchango wa harusi ambayo bwana harusi alikimbia.
Barua moja ya kuomba ulinzi, imechapwa mara arobaini,
kinachobadilika ni jina la kampuni tu.
Yote anayasoma, na feni ndiyo sauti yake.

"Nimuue?"
Watu kumi na mmoja mlangoni.
"Muue."

Na kweli, herufi zikaruka kama bisi kwenye sufuria.
Viapo vikatoka vya moto, foleni ikaisha kabla ya chai.
Nikampa fundi elfu kumi, nikamsahau marehemu.

Alasiri akaja Bi Sikudhani.
Akiba haiozi, wanasema;
hawajaona maji ya Jangwani yakipanda kitandani.
Hati yake ya mauziano, kiwanja cha Chanika,
imekuwa uji ndani ya mfuko wa nailoni,
na jirani ameshaanza kumwaga kokoto.
"Iliandikwa hapa hapa. Na yule kaka mwenye kigugumizi."

Hemedi. Alikwenda Tunduma bila kuaga,
akaacha mafaili aliyoyaita mpya, mpya2, mpya kabisa, mpya ya mama.
Mama yupi? Wote wanaokuja hapa ni mama.

Nimefungua moja moja.
Mpya: deni la kreti za soda.
Mpya2: tangazo la mbuzi aliyepotea, mweupe, sikio moja.
Magharibi inaadhiniwa, nimefika mpya64.
Yeye kakaa juu ya ndoo ya rangi, hasemi,
ananyoosha gotini karatasi iliyokauka bila neno hata moja.

Nikampigia fundi. "Anafufuka?"
"Anafufuka. Ila anaanza upya, hakumbuki kitu."

Usiku huu sikuizima.
Nimenunua umeme wa elfu tano,
feni ya wateja nimeigeuza iipepee mashine,
shata nimelishusha polepole, kama kuna mtoto ndani.
Kabla ya kufunga nilichungulia kioo:
yamebaki elfu kumi na moja, mia nne na nane.

Soma, karani. Kesho foleni itangoja.

Mia nne na saba.