Ungo Unaotazama Chini

Muuzaji wa duka la Alta aliniwekea mezani
ungo wa sentimita sitini, mweupe, mwepesi;
niliuinua kwa vidole viwili kama kifuniko cha sufuria.
"Huu unatosha, mama. Oslo nzima inautumia."
Kijana mzuri, Sindre, ndevu ndiyo kwanza zinabisha hodi.
Oslo, mwanangu, si Langfjord.

Oslo wanaiona setilaiti juu ya miti.
Kwetu imechutama,
nyuzi kumi na moja tu juu ya upeo wa macho,
kama jirani anayechungulia uani kwa aibu.
Mawimbi yakitufikia yamechoka,
yamepita hewa nene, mvua, theluji inayokuja kwa ubavu,
na kilichochoka hakiopolewi kwa kijiko.
Nipe ungo mpana nipepete.
Mia na ishirini.
Na nguzo ya chuma kilichochovywa zinki,
maana upepo wetu wa Januari haujui mlango.

Nilikuwa nimejiandaa.
Miaka thelathini na moja nyuma ya dirisha la posta
imenifunza: kabla hujalamba stempu, soma anwani.
Basi kabla ya ungo, kabla ya king'amuzi,
nilichukua kipimapembe cha shule cha Eirik,
nikakifunga uzi na nati,
nikaizunguka nyumba yangu na dira ya marehemu mkononi.
Barazani: mlima.
Kwenye paa: mlima.
Nikapanda juu ya pipa la mafuta, kwa umri huu:
mlima, umevua kofia tu.
Kusini kwangu kote kumezibwa na jiwe.

Pengo lilikuwa mahali pamoja,
ukuta wa ghala la Hjalmar, shemeji yangu,
ambaye hatujasemezana tangu mwaka wa sabini na nne
kwa ajili ya ukanda wa nyasi
usioshibisha kondoo wawili.
Nilikaa na jambo hilo majira mawili ya baridi.

"Kebo mita ngapi?" akauliza Sindre.
Tisini. Ile nene; nyembamba hunywa mawimbi njiani
kama mtoto aliyetumwa maziwa.
"Na jicho la ungo?"
Akanitolea la tundu moja, la bei ya huruma.
Nikataka la matundu mawili.
"Kwani una televisheni mbili?"
Sina.
Akanitazama, akaandika.

King'amuzi nilichukua kilichokwisha kutumika.
Kopo la kahawa lilikuwa linalia kwa chini,
na mlio wa sarafu za mwisho naujua.
Kina mkwaruzo, rimoti imefungwa plasta.
Hakikuniudhi. Mimi mwenyewe goti moja ni la chuma.

Jumamosi nikaenda.
Hotuba niliyoitunga ilinitoka kichwani pale kwenye ua.
Hjalmar akautazama ungo, akatazama kusini,
akaingia ndani, akafunga mlango.
Nikaanza kukusanya skrubu zangu.
Akatoka na keekee.

Tulitoboa matundu manne, hakuna aliyefungua kinywa.
Ungo ulipokaa, uso wake ulielekea ardhini,
kwenye nyasi zile zile.
"Umeupinda," akasema.
Miaka kumi na tisa, na neno la kwanza ndilo hilo.
"Haujapinda. Ndivyo ulivyoumbwa."
"Unatazama nyasi."
"Unaonekana hivyo tu. Unatazama mbali huko."
Akakohoa. Akanipa spana niliyokuwa sijaiomba.

Jioni hiyo kwangu picha ilikuja:
mwanamke anakanda unga kwa lugha nisiyoijua,
nikamtazama mpaka mkate ukaiva.

Ile ncha ya pili ya kebo
niliiacha ikining'inia kwenye dirisha la Hjalmar,
mita nne, sikuisemea neno.
Jumatano bado ilikuwa inapigwa na upepo.
Alhamisi ilikuwa imeingia ndani.
Ijumaa nilimwona kwenye kituo cha basi la Alta,
amevaa koti la kanisani.