Mahali pa Kuzaliwa

Wodi ya wazazi imehamishwa, iko pwani sasa,
kilomita mia na kumi, na huku Norrland theluji haina adabu.
Mkunga Gunvor katufundisha, jioni moja, ukumbi wa kanisa,
kuzalisha ndani ya gari:
taulo mbili, hita iwake, kitovu usikate,
kulungu akisimama njiani usimpigie honi.

Tukacheka. Kahawa ilikuwa ya bure.

Saa nane usiku Ylva akanibana mkono kwenye gia.
Tukaipita hospitali ya zamani, taa ya mlangoni inawaka,
sijui wanamwashia nani.

Binti alitoka kando ya kituo cha mafuta kilichofungwa.
Kwenye fomu nikaandika namba ya barabara.
Karani kanirudishia: andika mji.

Mji upi?