Kukata Kiu

Mfereji wa Majengo siku ya tisa leo
wakohoa upepo.
Mwanatumu amekalia dumu tupu, daftari mapajani,
achora maneno manne ya Kichina
anayofunzwa jioni apate kazi kwenye reli.
"Baba, sikiza: yin, zhen, zhi, ke.
Kunywa zhen kukata kiu."

Zhen ni nini?

"Ndege. Wasema alikula nyoka
hata sumu ikampanda manyoyani.
Unyoya mmoja ukikorogewa kwenye divai
mnywaji hamalizi kikombe."

Nikanyamaza, mimi na cherehani yangu.
(Si yangu tena, tangu Ijumaa.
Ghalib ameniachia niishonee,
kama mgeni aachiwavyo kitanda hadi alfajiri.)

"Zamani za wafalme wa Han mtu alisingiziwa
kuwa amechezea waraka wa mfalme. Akatiwa ndani.
Mpwa wake, mvulana wa miaka kumi na mitano,
akamwandikia jemadari:
mjomba wangu, hata angebanwa vipi,
angejiokoa kwa kujiua?
Ni kama kula mzizi wa sumu kwa njaa,
kunywa zhen kwa kiu:
haijafika tumboni, koo limeshakatika.
Nani afanyaye hivyo?"

Mjomba akafunguliwa.

Nani afanyaye hivyo.
Mfunguo mosi nilikopa elfu nne,
ada ya hicho hicho Kichina.
Mfunguo pili nikakopa sita kuziba nne.
Mfunguo tatu simu ikanikopesha yenyewe,
sikuomba, nilibonyeza moja tu,
na kidole hakikuuma.

Sisi husema mfa maji haishi kutapatapa.
Methali yetu ina huruma,
lakini humkuta mtu ameshatumbukia.
Hii ya mvulana yamshika mkono
kikombe kingali mezani.
Siku hizi, asema Mwanatumu, huitumia kulaumu:
tazama mjinga yule, anywa sumu.
Na ilizaliwa utetezi!
Mtoto aliapa kwa akili ya mjomba wake,
kwamba hakuna mtu wa hivyo duniani.
Hakufika Majengo.

Kahindi apita na mkokoteni,
hamsini dumu, maji ya kisima.
"Ya chumvi hayo," namwambia.
"Ni maji," anijibu,
na ndoo zatoka kila mlango,
na langu dumu pia, Mwanatumu ameinuka.
Nayajua maji hayo. Ukinywa kikombe
kiu yarudi na nduguze.

Simu yatetema kifuani.
*Hongera. Umekubaliwa elfu kumi.*

"Baba, mwalimu ataka sentensi ya mfano.
Nimtie nani?"

Kidole ki juu ya kioo.
"Mtie mjomba."
"Mjomba yupi?"
"Yule aliyefunguliwa," nasema,
na naomba anipe peni kwanza,
niione sumu inavyoandikwa.