Jina la Maksai

Barua imefika Iriri ndani ya mfuko wa unga,
imeletwa na dereva wa lori la mawe ya chokaa,
nami Napeyok, mchekecha udongo wa misimu sita,
naisoma kwa sauti, baba akinoa kisu.

Wanasema ni spishi mpya.
Mpya! Kitu cha miaka milioni kumi na tisa
kinaitwa kipya, kama mtoto aliyenyolewa jana.
Baba anacheka mpaka gego lake la mwisho linaonekana.

Nalikumbuka lile taya.
Alasiri, kiuno kimegoma,
chekecheke mkononi, kokoto zikilia shaa, shaa,
na Mlima Napak nyuma yangu umekaa kimya
kama mtu aliyewahi kuua, kisha akazeeka.
Maana ulikuwa moto, mlima huu. Ulitapika majivu
yakafunika msitu, na ndani ya msitu
kijinyama kilikuwa kikitafuna jani.
Hakikumaliza.

Nililitemea mate, nikalisugua kwa kidole:
meno manne, madogo kuliko punje za mtama,
yamelika upande mmoja tu.
Kumbe nacho kilikuwa na upande kilioupenda.
Hilo barua hailisemi.
Barua ina namba, ina vipimo vya milimita,
ina "jamaa ya pimbi", ina Kilatini,
na katikati ya Kilatini, jina la baba.

Kwetu mwanamume huitwa kwa maksai wake.
Baba ni Apalongor kwa ajili ya Longor,
ng'ombe wa rangi ya vumbi la kiangazi,
pembe moja mbele, moja nyuma,
aliyevishwa kengele, akaimbiwa usiku kucha.
Wavamizi walimswaga mwaka ule wa bunduki nyingi.
Baba akabaki na jina,
kama mtu aliyebaki na mpini, jembe limepotea.

Basi Daktari Katusiime aliponiuliza,
"Aliyekiokota ni wewe. Tukiite nani?"
mdomo wangu ulijibu kabla yangu.

Sasa baba anauliza, ni mkubwa kiasi gani?
Namwonyesha kiganja na nusu.
"Pimbi!"
"Pimbi, baba."
"Ana pembe?"
"Hana."
Anatema mate pembeni. Kisu kinarudi kwenye jiwe.

Baadaye sana, mbuzi wameshaingia zizini,
anauliza huyo Longor mdogo analala wapi.
Kampala, namwambia. Kwenye droo, juu ya pamba,
chumba kina kufuli mbili na mlinzi.
"Na usiku?"
"Hata usiku."
Anaitazama njia ya kaskazini, ile waliyopita nayo.
Hasemi kitu.

Lakini nikiwa nimejilaza namsikia nje,
sauti chini, mkono mmoja juu kama pembe,
anajaribu kuliingiza lile jina la Kilatini
kwenye wimbo wa zamani wa ng'ombe wake.
Silabi moja inazidi.
Anaanza upya.