Madereva Wawili

Usiku wa tatu, Liepāja, theluji dirishani.
Ilze kapiga magoti mbele ya kasha
alilolifunga mwenyewe; skrubu moja imebaki
na hajui ya wapi.

Feni zinazunguka. Kioo chapepesa,
chaleta picha,
kisha giza, lile lile la jana.
Kadi ya michoro, kiangazi kizima cha kuchuma stroberi:
ameichomoa, ameipuliza, ameirudisha.
Dereva mpya ameweka. Mpya zaidi. Na ya mwaka juzi.

Saa sita mama anaingia, sare ya tramu ingali na baridi.
"Bado?"
"Dereva inagoma."
"Hata mimi leo nusura nigome."
Anavua glavu, anachungulia.
"Yule wa zamani ulimtoa?"
"Nimeweka mpya juu yake."
"Juu yake! Kwetu anayemaliza zamu
huchomoa ufunguo wake kwanza,
ndipo nichomeke wangu."

Ilze kimya. Anafuta ya kwanza, ya pili,
mabaki ya mabaki. Anawasha upya.

Giza.
Giza bado.
Mama keshasinzia kitini, kiatu kimoja mguuni,

na buluu, pana, tulivu,
ikamwangukia usoni.
Ilze hakumwamsha.
Alikaa tu, skrubu kiganjani.