Herufi Moja Hatuuzi

Uji wa Elinaja, ulezi na limau,
kikombe kizima juu ya kibodi, Jumatatu saa moja asubuhi.
Nikaigeuza laptop kifudifudi kama mtoto aliyepaliwa,
nikaipiga mgongoni taratibu.
Ikatema. Ikatulia. Taa ikawaka.
Herufi zote zilirudi
ila N.

Na siku yenyewe ilikuwa ya kazi!
Majengo umeme upo, bando lipo,
mlima umefunguka tangu alfajiri juu ya mabati ya jirani,
nami nina programu ya mizani ya ushirika wa kahawa,
kilo ziingie huku, shilingi zitokee kule,
na kila mstari wa pili unadai N.
Nikaokota moja kwenye faili la mwaka juzi,
nikawa nainakili, naibandika, nainakili, naibandika,
kama mtu anayemaliza pipa la maji kwa kisoda.

Kwenye ujumbe sikuwa na subira hiyo.
Simu ilikuwa kwa fundi wa vioo,
kila kitu nilikiandika hapohapo.
Nilitaka kusema nimekwama.
Ikatoka: imekwama.
Nitamaliza kesho.
Ikatoka: itamaliza kesho.
Bi Ndetaulwa, katibu wa ushirika, akajibu,
"Programu yako ina adabu, inatoa taarifa yenyewe."

Ndipo nikaona nilivyo mwembamba.
Herufi moja mbele ya kitenzi, basi.
Ikidondoka nahama ngeli,
natoka kwa watu, nakwenda kukaa
na pasi, na redio, na chaja.

Kibanda cha Haikaeli kiko nyuma ya soko la Mbuyuni.
Ana kopo la maziwa limejaa meno ya kibodi zilizokufa.
Akalimwaga juu ya gazeti.
"Q ninazo kumi. X chukua bure,
mpya kabisa, Kiswahili hakijazigusa.
N sina. N na A huja zimesagika
kama visigino vya kandambili."
Nikamwambia akiipata hata iliyofutika aniuzie.
"Kibodi nzima, elfu sitini na tano," akasema.
"Herufi moja hatuuzi."

Mfukoni elfu kumi na mbili,
na nyumbani Luku inalia.

Alhamisi dada yangu Anaeli akaweka cherehani pembeni,
akakata kifungo cha shati la shule,
tone moja la gundi, pumzi mbili za kukipuliza,
kikakaa pale katikati ya B na M,
cheupe, matundu manne.
Nikabonyeza.
nnnnnnnnnn
Tulicheka mpaka Elinaja akaamka.

Lakini Jumatano usiku, kabla ya kifungo,
nilikuwa nimeshamwandikia mama, Kibosho:
Imechoka mama. Itakuja Jumapili.

Jumapili nikapanda, begi mgongoni.
Uani, ubavuni mwa zizi, pamefagiliwa.
Kuni zimehamishwa. Mawe mawili makubwa
yamepangwa kuzuia magurudumu.
Mama akachungulia nyuma yangu, barabarani.
"Iko wapi?"
"Nini, mama?"
"Si uliandika imechoka, itakuja?
Nikasema kijana kanunua gari la mtumba.
Hata jirani nimemwambia."

Nilitaka kueleza uji, na kopo la Haikaeli, na ngeli.
Nikasema, "Ni mimi, mama."

Akanitazama toka viatu hadi macho,
haya macho mekundu ya kukodolea skrini.
"Aa," akasema. "Basi ingia.
Mawe nitayatoa kesho."

Mtori bado mdomoni, akaniletea rimoti ya televisheni.
Si wewe ndiye mtu wa kompyuta?
Nikaigeuza, nikaitikisa, nikaikagua.
Kitufe cha kuwashia kimeng'oka, pamebaki kishimo.

Nikajipapasa shati.